Asilimia Mbili Inapofika Mungaa

Mei 1, 2025, Uwanja wa Bombadia mjini Singida ulijaa watu kabla jua halijapanda. Walimu walikuja na tisheti zao, wauguzi na zao, watumishi wa halmashauri na zao, na magari ya maonyesho yakapita mbele ya jukwaa kuu, kila taasisi ikijinadi kwa bango na ngoma. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Singida kubeba sherehe za kitaifa za Mei Mosi. Viongozi wa TUCTA, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania, waliwasilisha hoja zao, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akatamka neno lililokuwa likisubiriwa: kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Magazeti yaliandika habari hiyo siku iliyofuata, na ilistahili. Mimi nilibaki na swali lisilojibika uwanjani. Tamko kama lile likishatoka Bombadia, linamfikiaje mwalimu, muuguzi na mtendaji wa kijiji ambao hawakupata nafasi kwenye basi la kwenda mjini? Na chama chao cha wafanyakazi, kinachokata ada kila mwezi bila kukosa, kinafika pamoja nalo? Mishahara ya Julai ilipotoka nilifunga safari kwenda Mungaa, mashariki ya barabara kuu katika Wilaya ya Ikungi, mkoa huo huo wa Singida.

Nilipanda basi la asubuhi Stendi Kuu ya Nanenane, Dodoma. Barabara ya lami iendayo Singida hupita Bahi penye majaruba ya mpunga, kisha Kintinku, halafu basi huanza kukwea Saranda, pale ambapo ukingo wa Bonde la Ufa humlazimisha kila dereva kushusha gia. Ukimaliza mlima, hewa hubadilika. Ulikuwa msimu wa kipupwe, na tulipoiacha Manyoni upepo ulivuma kwa nguvu hata abiria waliofungua madirisha wakayafunga bila kuambiwa.

Kando yangu aliketi mwalimu wa shule ya msingi aliyepakata bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Tulipozoeana aliifungua. Ndani mlikuwa na barua yake ya ajira, barua mbili za kupandishwa daraja, hati za mshahara zilizobanwa kwa pini, na nakala za fomu ya madai ambayo kona yake ilikuwa na mihuri mitatu ya tarehe tofauti. Daraja lake lilipanda kwenye barua, lakini mshahara ukachelewa kubadilika, na tofauti ya miezi ile yote ikawa malimbikizo anayoyadai mpaka leo. Alikuwa anatoka Dodoma kufuatilia.

"Nauli yangu, gesti yangu, chakula changu," alisema. "Na wamenijibu nirudi nikaanzie kwa mwajiri wangu."

Nikamuuliza kama tawi la chama chake linalijua suala hilo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Chama? Ndugu yangu, chama mimi nakiona kwenye slipu ya mshahara tu."

Kauli hiyo nilikwenda nayo Mungaa, maana ndani yake limo tatizo lote la vyama vya watumishi wa umma nchini. Mwanachama anakijua chama chake kama makato. Chama nacho kinamjua mwanachama wake kama jina kwenye orodha ya makato. Kati ya hao wawili hapana mazungumzo.

Tulipita Issuna, na mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa yakaanza kuonekana pande zote, mabua makavu yamesimama kwa safu. Singida huishi kwa alizeti, mtama, uwele, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji ambao sifa yao imefika mpaka Dar es Salaam. Nilishuka Ikungi. Wilaya hii ilizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Singida Vijijini, na mji wake umekaa juu ya barabara kuu, ukiwa na mafuta ya alizeti kwenye chupa za plastiki zilizopangwa mezani kando ya lami. Hapo ndipo zilipo ofisi za mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mwajiri wa karibu watumishi wote wa vijijini: walimu, wauguzi, maofisa ugani, watendaji. Mtu wa Mungaa akiambiwa aende kwa mwajiri, safari yake inaishia Ikungi.

Kutoka hapo niliiacha lami, nikapanda bodaboda kuelekea mashariki. Njia ni ya vumbi, inazunguka miamba mikubwa ya matale iliyopandana kana kwamba ilipangwa kwa mkono, na katikati yake zimo nyumba za tope na za tofali za kuchoma, mazizi, na akina mama wakipepeta. Wasomaji wengi wa magazeti wamelijua eneo hili kwa siasa, kwa kuwa limo katika lile lililokuwa Jimbo la Singida Mashariki, ambalo Tundu Lissu alikuwa mbunge wake kuanzia 2010 hadi 2019. Wengine wanalijua kwa sababu ya Hospitali ya Makiungu iliyo jirani, iliyoanzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary mwaka 1954. Mimi nililifuata kwa sababu ni mahali pa kazi. Mungaa ni kata, na pia ni jina la tarafa, na katika kila kijiji chake yupo mtu anayelipwa na serikali anayeishi mbali na mlango wa anayemlipa.

Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mtendaji. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma, bendera na kalenda. Kabla hatujasalimiana vizuri waliingia watu watatu: mzee mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba, kijana aliyetaka barua ya utambulisho, na mama aliyeleta malalamiko ya ng'ombe kula mazao. Mtendaji aliwasikiliza wote mmoja mmoja, akagonga mihuri, akaahidi kwenda kuona mpaka kesho yake. Kwa wananchi hawa yeye ndiye serikali. Michango akusanye yeye, mkutano wa hadhara aitishe yeye, mgeni akija alale wapi aulizwe yeye.

Ni mwanachama wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Nilimuuliza chama kimemsaidia nini. Hakukimbilia kulaumu. Alisema aliwahi kuhamishwa kutoka kata nyingine bila kulipwa fedha za uhamisho, akahamisha familia na mizigo kwa fedha ya mfukoni, na katibu wa tawi ndiye aliyemwelekeza namna ya kuandika dai, viambatanisho gani vinatakiwa na liingie kwenye orodha ipi. Fedha ilichelewa, lakini ililipwa.

"Peke yangu ningekuwa naomba," aliniambia. "Nilipokwenda na chama nikawa nadai."

Mchana wa siku hiyo nilikwenda kwenye zahanati mojawapo ya tarafa hii. Muuguzi wa zamu alikuwa amemaliza kliniki ya watoto, anapanga kadi. Watumishi wa afya wengi wako TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Nilitaka kujua anavyoona kazi ya chama mtu ambaye sheria imemfungia mlango wa mgomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazitaja huduma za afya na maabara zake miongoni mwa huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Muuguzi hawezi kuweka chini vifaa akaondoka. Na hata kama sheria ingeruhusu, alisema, hawezi kumwacha mama mwenye uchungu akaenda kuandamana.

"Ndiyo maana sisi tunakihitaji chama kuliko wengine," alieleza. "Mwenzetu ana mgomo. Sisi tuna meza ya mazungumzo tu, na tukiwa na mwakilishi asiyejua kusema, basi tumekwisha."

Kisha akanipa mfano ambao sikuutarajia. Kwa muda mrefu, mtumishi aliyejifungua mtoto njiti alipewa likizo ile ile ya siku 84 kama aliyejifungua mtoto aliyetimiza miezi. Siku nyingi za likizo hiyo ziliishia hospitalini, mtoto akiwa bado anapigania pumzi, na mama akatakiwa kurudi kazini mtoto akiwa hana hata uzito wa kawaida. Taasisi ya Doris Mollel na vyama vya wafanyakazi walilipigia kelele suala hilo. Mei Mosi ya mwaka 2024 jijini Arusha, Makamu wa Rais Philip Mpango akatangaza kuwa likizo ya mama wa njiti itazingatia muda ambao mtoto alipungukiwa, mpaka wiki 40 za ujauzito zitimie, na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa kuweka jambo hilo kwa maandishi. Muuguzi huyu amewaona mama wa njiti wengi kwa miaka ya kazi yake. Alipokuwa akilieleza jambo hili aliacha kupanga kadi, akaniangalia usoni. "Hii imefika mpaka hapa," alisema. "Hii naweza kuishika."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu yanafundisha. Haki hiyo haikumfikia kwa tisheti wala kofia. Ilimfikia kwa sababu ilikuwa dai lenye sura, lililoanza na mama mmoja wodini, likapanda ngazi zote za chama na serikali, likarudi kwake likiwa sheria.

Siku iliyofuata nilikaribishwa kwenye kikao cha walimu katika shule moja ya msingi. Kilianza baada ya wanafunzi kuruhusiwa. Madawati yaligeuzwa, chaki ikaletwa, na mwakilishi wa Chama cha Walimu Tanzania shuleni hapo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kufundisha darasa la watoto 90, akasimama mbele ya ubao. Ajenda ilikuwa moja: mshahara mpya.

Manung'uniko yalikuwa mengi. Kijana mmoja mwenye shahada alikuwa amefungua hati yake ya mshahara kwenye simu tangu asubuhi. Alikuwa amepiga hesabu ya asilimia 35.1 ya mshahara wake wa Juni, akaitafuta nyongeza hiyo kwenye mshahara wa Julai asiione. Aliamini kuna mtu amemkata. Wenzake kadhaa waliamini hivyo hivyo, na mmoja alikuwa ameshakopa kwa matumaini ya fedha ambayo haikuja.

Mwakilishi aliandika ubaoni: 370,000. Chini yake 500,000. Akatoa, akapata 130,000. Akagawanya kwa 370,000, ubao mzima ukiona, akapata asilimia 35.1.

"Asilimia hii ni ya nani?" aliuliza.

Darasa la walimu likanyamaza.

"Ni ya mtumishi wa chini kabisa. Kima cha chini ni sakafu ya nyumba. Sakafu imeinuliwa, na vyumba vya juu vimeinuliwa pia, lakini si kwa kipimo kile kile. Rais mwenyewe alisema pale Bombadia kwamba ngazi nyingine zitapanda kadiri bajeti itakavyoruhusu. Wengi mlisikia namba, hamkusikia sentensi iliyofuata."

Alitumia karibu saa nzima. Aliwaonyesha namna ya kusoma hati ya mshahara mstari kwa mstari: mshahara wa msingi, kodi, mchango wa mfuko wa pensheni wa PSSSF ambao mtumishi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 15, bima ya afya, bodi ya mikopo kwa waliosomeshwa kwa mkopo, ada ya chama, na marejesho ya benki. Alipofika kwenye marejesho ya benki alishusha sauti. Kanuni inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Wakopeshaji wa mtaani, wale ambao mikopo yao imebatizwa jina la kausha damu, hawaijui kanuni hiyo, maana wao hawapiti kwenye hati ya mshahara. Huchukua kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri, wakaenda kutoa fedha wenyewe mshahara ukiingia. Hakumtaja mtu, lakini niliona vichwa viwili vitatu vimeinama. Akasema tawi litaomba ofisa wa benki au wa ushirika aje kuzungumza juu ya mikopo halali, na yeyote mwenye kadi yake mikononi mwa mtu amfuate faragha.

Ndipo kijana mwenye shahada akauliza swali lililogusa lile lililonipeleka Mungaa.

"Mama, na hii asilimia mbili ya chama, mimi sikumbuki kusaini popote. Inakatwaje?"

Mwakilishi hakukasirika. Alieleza kuwa mwanachama hujiunga kwa kujaza fomu ya TUF 6, na hapo huwa ameruhusu ada ikatwe kwenye mshahara. Asiyejaza naye anaweza kukatwa, kwa jina lingine. Sheria ya 2004 inakiruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kuweka makubaliano na mwajiri ili wasio wanachama walipe ada ya uwakala, kwa hoja kwamba nyongeza ya mshahara ikipatikana kwa majadiliano, huwanufaisha wote. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka masharti: ada ya uwakala isizidi ada ya mwanachama, iwekwe kwenye akaunti yake peke yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo, na isiende kwenye chama chochote cha siasa.

"Kwa hiyo una haki ya kuuliza imetumikaje," alimaliza. "Ukishakatwa, umeshalipia swali."

Hapo nikachukua kalamu nikafanya hesabu nyingine pembeni mwa daftari langu. Mtumishi wa kima cha chini aliyekuwa akipata shilingi 370,000 alikuwa akichangia shilingi 7,400 kwa mwezi kwa kiwango cha asilimia 2. Sasa kwa shilingi 500,000 anachangia shilingi 10,000. Serikali ilipopandisha mshahara wake, chama kilipandishiwa mapato siku hiyo hiyo, bila kikao, bila kura, bila hata barua ya kumshukuru mwanachama. Si dhambi, ndivyo asilimia inavyofanya kazi. Lakini nyongeza hiyo inaongeza deni la chama kwa mwanachama, na deni hilo hulipwa kwa huduma na hesabu zilizo wazi.

Jioni nilikwenda kumsalimia mwalimu mstaafu anayeheshimiwa sana kijijini hapo. Nilimkuta nje ya nyumba yake, amevaa koti zito, akimenya karanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Alianza kazi katika wimbi la walimu wa UPE, waliofunzwa haraka baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 ili elimu ya msingi kwa wote iwezekane. Alikatwa ada na vyama vya majina mbalimbali bila yeye kubadilisha kazi. Alikuta NUTA, umoja wa wafanyakazi ulioundwa na serikali mwaka 1964 baada ya shirikisho la zamani la TFL kuvunjwa. CCM ilipozaliwa mwaka 1977, ikaja JUWATA kama jumuiya ya chama tawala. Mwaka 1991 ikaja OTTU. Walimu walipata chama chao wenyewe, CWT, kilipoandikishwa Novemba 1, 1993. Kwa mzee huyu, siku hiyo ndiyo aliyoanza kuhisi kwamba makato yake yana mwenyewe.

Nilimkumbusha kuwa mizizi ni ya zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1922 mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, wakati ambapo karani Mwafrika hakuwa na mahali pa kusemea. Miaka ya 1950 Rashidi Kawawa aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na TFL ilipoundwa mwaka 1955 akawa katibu mkuu wake wa kwanza, kabla hajawa Waziri Mkuu. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kawawa alitoka kwetu, kwa watumishi," alisema.

Lakini alikumbuka pia nyakati za kukabana. Mwaka 2010 TUCTA ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutangaza mgomo. Mei 3 ya mwaka huo Rais Jakaya Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam kuukataa, na mgomo haukufanyika. Julai 30, 2012 walimu waligoma kweli, wakiwa chini ya rais wa CWT, Gratian Mukoba, na baada ya siku chache Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamua kuwa mgomo ni batili na walimu warudi darasani. Mzee alikuwa bado kazini. Alisema lililomuuma zaidi halikuwa hukumu.

"Watoto walibaki shuleni wakicheza, na wazazi wakatuona sisi ndio wabaya. Hatukuwa tumekaa na wazazi hata siku moja kuwaeleza tunachodai. Chama kilizungumza na serikali, kilizungumza na magazeti, hakikuzungumza na kijiji."

Tukafika kwenye kikotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, neno ambalo hakuna mtumishi wa umma asiyelijua. Mzee alistaafu kabla ya mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Alipata nusu ya mafao yake kwa mkupuo, akajenga nyumba tuliyokuwa tumekaa mbele yake, akanunua ng'ombe. Kanuni mpya ya 2018 ilishusha mkupuo huo mpaka robo, wafanyakazi wakalalamika nchi nzima, na Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli akaisitisha. Julai 2022, baada ya majadiliano ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, mkupuo ukawekwa asilimia 33. Malalamiko hayakuisha, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 serikali ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata robo.

Mzee ana rafiki aliyestaafu katikati, wakati wa asilimia 33. Walifundisha shule moja na daraja lao lilikuwa moja. Aliniambia rafiki yake humuuliza kila wakikutana: chama kilikuwa wapi siku ile? Jibu gumu ni kwamba chama kilikuwa mezani. Viongozi wa juu walishiriki majadiliano yale, lakini mwalimu wa Mungaa alizisikia namba zikiwa zimeshakubaliwa. Kiongozi anaweza kurudi na asilimia ndogo kuliko alizozitaka na bado akaheshimiwa, mradi awe ameondoka na maoni ya watu na amerudi kuwaeleza kilichotokea. Kurudi na namba zilizokwisha kusainiwa ndiko kunakovunja imani.

Niliondoka Mungaa nikiwa na jibu la swali langu. Tamko la Bombadia lilifika, lakini lilifika vipande vipande: kwa wengine kama uvumi wa asilimia 35 kwa wote, kwa wengine kama hasira, na katika shule moja kama somo lililoeleweka, kwa sababu pale palikuwa na mwakilishi mwenye chaki na saa moja ya kuwaeleza wenzake. Tofauti ya shule ile na mwalimu wa kwenye basi, mwenye bahasha yake ya kaki, haikuwa sheria wala mshahara. Wote wanakatwa. Mmoja ana tawi lililo hai, mwingine hana.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa vyama vya watumishi wa umma, kuanzia taifa mpaka wilaya: ile nyongeza iliyoingia kwenye akaunti zenu kuanzia Julai 2025 ianze kuonekana kwenye matawi. Wafundisheni wawakilishi wa mahali pa kazi kusoma hati ya mshahara, kuandaa dai la malimbikizo na uhamisho, na kuelewa sheria. Wapeni nauli ya kufika Ikungi ili mwanachama asiende Dodoma kwa fedha yake. Bandikeni mapato na matumizi ya tawi ukutani, mahali ambapo hata mwalimu wa ajira mpya atayaona. Na kabla ya kusaini jambo linalogusa pensheni ya mtu, lileteni kwenye madawati yaliyogeuzwa, lijadiliwe.

Nawe mtumishi unayesoma haya, usiishie kulalamikia makato. Mwezi huu muulize mwakilishi wako kikao cha tawi ni lini. Ukiambiwa hakuna, omba kiitishwe, na kikiitishwa uhudhurie na uzungumze. Ada umeshalipa, kilichobaki ni kuidai kazi yake.